Picha Niliyoipeleka Carama

Leo nimeaibika mbele ya wakwe. Si ile aibu ndogo ya kusahau jina la mtu au kukaa kikao kizima na zipu wazi. Hii ni aibu yenye fremu ya mbao na kioo, imefungwa karatasi ya zawadi yenye maua, na niliibeba mwenyewe kutoka Musaga mpaka Carama, nimeikumbatia kama mtoto aliyelala.

Nawaandikia kutoka duka la intaneti hapa mjini, tuliposhuka kubadilisha gari la kurudi nyumbani. Mama Aline, mke wangu, amekaa nyuma yangu na mkoba mapajani. Tangu tutoke Carama amesema jambo moja tu: kwamba niandike, labda nitapata nafuu. Mwenye duka ameanza kutazama saa, maana giza likiingia kila mtu anatakiwa awe kwake. Kwa hiyo sitapamba. (Nitapamba kidogo. Mnanijua.)

Ninyi mlioondoka mapema, mlioko Dar, Nairobi na Brussels, mnamkumbuka Claver, mtoto wa marehemu kaka yangu. Sasa ni mwalimu wa michezo, ana mabega, na anataka kuoa. Msichana anaitwa Goreth, anafundisha hesabu katika shule moja naye mjini. Mpole, na ana akili kuliko ukoo wetu wote ukiunganishwa. Tatizo lilikuwa moja: kwao ni Carama, na sisi ni Musaga.

Kwa aliyesahau: Musaga iko kusini mwa Bujumbura, Carama kaskazini, na kwa miaka kadhaa ya vita hivi mtu wa huku hakukanyaga kule, wala wa kule huku. Baadhi ya waliojaribu hawakurudi. Sasa mambo yamelegea kidogo. Magari yanapita, watu wanasalimiana tena sokoni. Lakini kuoana ni jambo jingine. Kila upande una wazee waliokubali kwa mdomo huku macho yakisema tutaona. Ilihitajika sababu ndogo tu, posa ingekufa, na kila mtu angerudi kwake akisema nilijua.

Sababu ndogo ilipatikana. Ilikuwa pombe.

Mwezi uliopita tulikwenda kuposa. Tulipeleka mitungi minne ya impeke, ile pombe ya mtama inayonywewa kwa mirija, watu wakiwa wamekaa kuuzunguka mtungi. Minne ilitosha kabisa kwa wageni tulioambiwa. Lakini Carama walikuwa hawajaona sherehe kwa muda mrefu, na harufu ya impeke haiulizi kadi ya mwaliko. Walikuja majirani, na majirani wa majirani, na bwana mmoja mwenye baiskeli aliyesema anapita tu (alipita mpaka jioni). Kabla hotuba za mwisho hazijaanza, mirija ilikuwa inavuta upepo.

Mnajua maana yake. Mrija ukilia mkavu mdomoni mwa mwenye nyumba, aliyeleta pombe ametukana. Shangazi yake Goreth, mama mmoja anayeitwa Dafroza, ambaye anauza vitenge sokoni Jabe na hajawahi kushindwa bei, alituletea ujumbe kwamba watu wa Musaga walimpelekea pombe ya kunawia mikono. Tarehe ya harusi tuliyotarajia kupewa haikutolewa. Wiki zikapita. Claver akaanza kula nusu sahani, na kwa kijana wa mabega yale hiyo ni dalili ya msiba.

Ndipo nilipotumwa. Mimi ndiye baba yake sasa, na ndiye msemaji wa ukoo, kwa sababu nilisoma. (Hiyo ndiyo sababu waliyoitoa. Nashuku ni kwa sababu wengine wote walikataa.) Kazi yangu leo ilikuwa kwenda Carama, kuomba radhi juu ya ile pombe, na kurudi na tarehe. Nikirudi bila tarehe, Claver hana harusi. Hayo ndiyo yalikuwa yote.

Na mimi, badala ya kwenda na mtungi wa tano kama mtu mwenye akili timamu, niliamua kwenda na sanaa.

Niwaeleze. Siku ya posa nilikuwa na kamera ya dijitali niliyoazima kwa mwenzangu wa chuoni, aliyerudi nayo kutoka masomoni. Niliiweka juu ya kreti mbili za bia, ikitazama ua mzima wa wakwe, na sikuisogeza mpaka tulipoondoka. Claver alikuwa anacheza. Anapocheza anapanua mikono kama pembe za ng'ombe, anakwenda, anapiga miguu, kisha anaruka na kusahau kushuka. Kamera yenyewe ilikuwa nzito ya akili. Ukipiga picha moja inakaa inaitafakari kabla ya kukubali nyingine. Kwa hiyo nilimpiga kila alipopita, mara langoni, mara katikati, mara karibu na baraza, alasiri nzima.

Halafu nikasoma kwenye mtandao kwamba inawezekana kuchukua picha nyingi za mtu anayeruka na kuziunganisha ziwe moja, aonekane anaruka mara nyingi ndani ya ua mmoja, kama sinema iliyosimamishwa. Nilipenda wazo hilo kupita kiasi. Mtu aliyetumia maisha yake kufundisha fasihi katikati ya milio ya risasi anatamani, angalau mara moja, kutengeneza kitu ambacho watu wanakiona bila kuelezwa.

Nilipata programu (msiniulize wapi). Nilijifunza kalke: kila picha inakuwa kama karatasi ya plastiki, unazipanga moja juu ya nyingine, kisha unafuta usichotaka na cha chini kinaonekana. Mabingwa humkata mtu peke yake, wakifuata nywele zake, vidole vyake, mikunjo ya shati. Mimi nilichoka kwenye kiwiko cha kwanza. Nikabuni njia yangu. Kwa kuwa kamera haikusogea, nilikata kila picha kipande kipana cha kusimama, kutoka mawinguni mpaka ardhini, kila kipande na Claver wake, nikavipanga kando kando kutoka langoni mpaka barazani. Ukuta ukaungana na ukuta. Bati likaungana na bati. Nilikaa mbele ya kompyuta nikijisikia nimeumba ulimwengu.

Haikuwa rahisi. Umeme ulikatika kila nilipokaribia kuhifadhi kazi. Claver wa tatu alikuwa na mguu wa ziada. Ukiufuta mguu, kivuli kinabaki. Ukifuta kivuli, mguu unarudi. Nilipambana na mguu ule jioni nyingi mpaka Mama Aline akaniuliza kama nina mgonjwa. Claver wa tano alikosa kisigino, nikamwazima cha Claver wa pili. Ilipokamilika, Claver sita walikuwa wanapaa kutoka lango mpaka baraza, mikono imepanuka, kila mmoja mzima, miguu miwili miwili. Mama Aline aliitazama, akauliza kwa nini yeye hayumo, akarudi jikoni. Mimi nilitazama Claver, na Claver, na Claver. Sikutazama kitu kingine chochote.

Niliipeleka kwa mpiga picha wa Jabe, akaitoa kwenye karatasi kubwa, upana wa dirisha. Fundi akaitia fremu. Nikasema moyoni: wakiona ua wao umekuwa mzuri hivi, nani atakumbuka mitungi?

Leo asubuhi tukaondoka. Kwenye kizuizi cha kaskazini tulishushwa wote. Askari mmoja kijana aliona mzigo wangu, akataka niufungue. Nikafungua ile karatasi ya maua polepole, kwa uchungu wa mtu aliyeifunga mwenyewe. Aliitazama picha muda mrefu. Akamwita mwenzake.

"Hawa ni mapacha?"

Nikasema hapana, ni mtu mmoja, ni kazi ya kompyuta.

"Mutu moja, mara sita?"

"Ndiyo."

Alifikiri. Macho yake yalikuwa mekundu, macho ya mtu asiyekumbuka kitanda kinafananaje. "Basi muzee, nitengenezee na mi, nikuwe batu sita. Batano babaki hapa kwa bariyeri. Mi niende nilale."

Abiria wote walicheka, hata Mama Aline. Nilirudi kwenye gari nikiwa nimevimba. Nimeandika insha miaka mingi na sijawahi kupata mhakiki aliyenielewa haraka hivyo. Na angalieni: askari wawili, watu waliofundishwa kutazama, walishika picha ile mikononi na hawakuona kitu. Najifariji na hilo.

Tulipokelewa Carama katika ua ule ule, vizuri, kwa viti na soda. Aliyekaa kiti cha mbele ni Mzee Ferdinand, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Goreth, ndiye mkuu wa ukoo. Alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu. Sasa anaongoza jumuiya ya sala ya mtaa. Mtu mwembamba, kofia nyeusi, masharubu meupe, koti la kahawia ambalo halivuliwi hata jua liwake vipi. Wanamheshimu kwa jambo moja hasa: ndiye anayekwenda kuzungumza na walevi, nyumba kwa nyumba, bila kumtukana mtu. Kulia kwake alikaa dada yake, yule Dafroza wa vitenge. Chini kwenye mkeka alikaa mama yao, Bibi, ambaye jicho moja limekufa na la pili linafanya kazi mpaka urefu wa kiganja. Ndugu wengine walijaa kando ya ukuta, vijana wakiwa nyuma.

Nilisimama nikatoa hotuba. Niliomba radhi kwa Kiswahili, nikaomba tena kwa Kirundi, nikaongeza sentensi moja ya Kifaransa ambayo haikuhitajika. Dafroza alinisubiri nimalize.

"Maneno ya Mwalimu ni mengi kuliko pombe yake," akasema. "Angetuletea maneno kwa mitungi, tungelewa."

Ndugu wakaguna kwa kukubali. Nilimwona Goreth kwenye mlango wa jikoni, ameshika sinia.

Mzee Ferdinand aliinua mkono. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama kawaida yake. Alisema pombe si jambo la kugombanisha koo mbili. Alisema mtu akishika mrija akumbuke walio nyuma yake, avute kidogo, aachie mwingine. Alisema hayo akiwatazama vijana, na vijana wakatazama viatu vyao. Nilimpenda sana mzee yule kwa dakika hiyo. Nikaona njia imefunguka, na nikafanya nilichokuja kufanya. Nikafungua karatasi ya maua mara ya pili.

Ilipendeza. Siwadanganyi, ilipendeza. Walisogea wote. Walihesabu Claver kwa vidole, wakabishana, wakahesabu upya. Vijana waliuliza kama anaruka kweli kiasi kile. Goreth aliweka sinia chini akaja karibu, akaziba mdomo kwa kiganja, na juu ya kiganja macho yalikuwa yanacheka. Hata Dafroza alisema, kwa shida, kwamba kijana ana miguu.

Bibi akasema kutoka mkekani, "Mulete na mi nione."

Wakamlazia picha mapajani. Akainama mpaka pua ikakaribia kioo, akaanza kuisoma kwa lile jicho lake, kutoka upande wa lango, kiganja kwa kiganja. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu Bibi hakuwa na haja na Claver. Alikuwa anatafuta watu wake.

"Huyu kwa mutungi, karibu na lango, ni nani?"

Dafroza akainama. "Ni Ferdinand, mama."

"Sawa." Kidole kikasogea. "Na huyu?"

"Wapi?"

"Huyu mwenye kuvuta murija."

Dafroza aliinama zaidi. "Ni Ferdinand."

"Na huyu wa hapa katikati, kwa mutungi wa wamama?"

Sasa Dafroza alipiga magoti. Nami nikanyoosha shingo juu ya bega lake, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile, nikatazama nyuma ya Claver.

Mitungi yetu minne ilikuwa imepangwa kando ya ukuta, kutoka lango mpaka baraza. Kwenye kila mtungi alikuwepo Mzee Ferdinand. Kofia ile ile nyeusi. Koti lile lile la kahawia. Vipande vyangu vipana vya kusimama, vilivyopigwa saa mbalimbali za alasiri ile, vilimkusanya mara zote nne. Langoni alikuwa amekaa kwa heshima, mrija mdomoni. Kwenye mtungi wa pili alikuwa amesimama, mashavu yameingia ndani kwa kuvuta. Kwenye mtungi wa akina mama alikuwa amefumba macho. Na kwenye ule wa vijana, karibu na baraza, alikuwa ameinama kabisa, mrija umezama kwenye masharubu, mkono mmoja umeshika ukingo wa mtungi kana kwamba mtu anataka kumnyang'anya.

Claver sita wanaruka. Ferdinand wanne wanakunywa. Na kuzunguka kila Ferdinand, ndugu zake wamekaa na mirija mikononi, wanamtazama.

Kijana mmoja nyuma alitoa sauti kama ya gurudumu linalopoteza upepo. Halafu mwingine akasema, "Kumbe ndiko ilikokwenda," na ua mzima ukapasuka. Watu walishikana mabega. Mtu mmoja alitoka nje kabisa akaenda kucheka njiani. Mlevi mmoja wa ukoo, ambaye mzee amemtembelea mara nyingi kumshauri, alikuwa anafuta machozi kwa shati.

Dafroza hakucheka. "Ferdi," akasema. "Mitungi yote mine?"

Hapa mtu mwenye busara angenyamaza. Mimi nilisimama nikaanza kueleza kalke. Nilieleza vipande. Nilieleza kamera iliyokaa juu ya kreti. Nilisema, kwa sauti ya darasani, kwamba mzee hakuwa kwenye mitungi minne kwa wakati mmoja, haiwezekani. Alikuwa kwenye mitungi minne kwa nyakati tofauti.

Nilisikia sentensi ile ikitua.

"Heri ingekuwa mara moja," Dafroza akasema. "Nyakati tofauti, maana yake alikuwa anamaliza huku anahamia kule."

"Kaa chini," Mama Aline akaninong'oneza. Nikakaa. Nimeona mengi katika mji huu, nimelala chini ya meza usiku wa mabomu, lakini sijawahi kutaka kiti kinimeze kama leo.

Mzee Ferdinand alikuwa ameichukua picha. Aliitazama bila haraka, Ferdinand mmoja mmoja. Kisha alimtazama dada yake. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda, akamtazama na mke wangu, na mwisho Goreth, ambaye sasa hakuwa anacheka. Akairudisha picha mapajani kwa mama yake.

"Nilikuwa na kiu," akasema.

Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika mpaka mtaa wa Kinama. Na ndani ya kicheko kile Bibi, ambaye hakuwa amecheka, alifanya hesabu yake. Aliuliza: kama ni mwanawe mwenyewe aliyeimaliza pombe, watu wa Musaga wana kosa gani? Dafroza alifungua mdomo akaufunga, jambo ambalo wenyeji waliniambia si la kawaida. Bibi akasema basi tupewe tarehe yetu, jua linakwenda. Na tukapewa. Jumamosi ya kwanza baada ya mavuno ya maharage. Mzee Ferdinand akapigwa faini ya mtungi mzima na ukoo wake, kwa uchoyo, kulipwa siku hiyo hiyo ya harusi. Akakubali kwa kuinamisha kofia. Vijana wakaipigilia picha ukutani, sebuleni, saa ile ile, mahali ambapo kila mgeni ataiona akiingia.

Nilifurahi. Nisiwafiche. Aibu ilikuwa ya mzee na tarehe ilikuwa yangu, nikajiona mtu mwenye bahati ya ajabu. Nilikuwa nimeshaanza kupanga jinsi nitakavyowasimulia ninyi, na katika simulizi hilo mimi nilikuwa mjanja.

Halafu wakatusindikiza.

Wanawake walitangulia na Mama Aline. Mzee Ferdinand alibaki nyuma na mimi, kama ilivyo desturi, tukitembea taratibu kwenye njia ya katikati ya mashamba ya mihogo. Nilianza kuomba msamaha kuhusu picha. Alisubiri wanawake wasogee mbele zaidi.

"Mwalimu," akasema. "Kwenu kule, mutu akileta pombe, nani anaonja wa kwanza?"

"Aliyeileta," nikasema. Hilo kila mtu analijua. Aliyeleta anaonja kila mtungi mbele ya watu, waone kwamba hakuweka kitu kibaya ndani. Ni desturi ya siku zote. Miaka hii ya vita imekuwa zaidi ya desturi.

"Na siku ile we ulionja mitungi ngapi?"

Ndugu zangu, nilihesabu moyoni. Nilionja mmoja. Ule wa langoni. Halafu Claver akaanza kuruka, mwanga ulikuwa mzuri, nikakimbilia kamera.

"Batu bangu balikaa na mirija mikononi," akasema, bila hasira yoyote. "Nani anywe? Pombe imetoka Musaga, mwenye kuileta ameonja mutungi moja tu, ameenda kucheza na mashini. Dafroza alikuwa amekamata mukoba wake asimame. Akisimama yeye, wanasimama wote. Bibi harusi wenu angebaki kwetu mupaka uzee."

Kwa hiyo alisimama yeye. Alikwenda mtungi baada ya mtungi, akanywa mbele ya kila kundi. Aliniambia kunywa kidogo kusingetosha, wangesema na yeye anaogopa. Ilibidi avute mpaka mashavu yaingie ndani, kila mtu aone, kisha asimame pale kwa muda, waone kwamba hajaanguka. Na impeke haipatani na tumbo lake. Aliumwa mpaka Jumapili, akakosa sala, na nyumbani akasema ni maharage.

Nikamuuliza kwa nini hakusema hayo kule uani, mbele ya watu.

Alinitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wa mwaka wa kwanza. "Niseme nini? Ya kama tuliogopa munatuletea sumu? Mbele ya mama yule, mgeni wangu?" Akaonyesha mgongo wa Mama Aline kwa kidevu. "Na hiyo tarehe ungeipata wapi? Apana. Kiu ni afadhali."

Nilisema nitarudi, nitawaeleza ukweli, nitasema kosa lilikuwa langu. Alinishika mkono, kwa nguvu kuliko nilivyotegemea kwa mtu mwembamba vile. Alisema nikifanya hivyo atakuwa amenywa bure. Kisha akaniomba jambo moja: siku ya harusi niache mashini nyumbani, nionje.

Tulipofika barabarani, mwanamke mmoja alipita na furushi la majani ya mihogo kichwani. Sijui habari ilimfikiaje. Tulikuwa hatujamaliza hata kuagana.

"Habari ya kiu, muzee?"

Mzee Ferdinand alivua kofia yake nyeusi, akamwinamia.

"Iko tu, mama," akasema. "Iko tu."

Mwenye duka amezima mashine za upande wa mlango na anakohoa kwa maana. Mama Aline nilimweleza yote ndani ya gari, akatazama dirishani mpaka mjini. Ninyi nawaambia kwa sababu mko mbali na hamna ndugu Carama. Basi nichekeni. Chekeni kalke zangu, chekeni mguu wa tatu, chekeni msomi aliyetazama picha moja kwa wiki nzima bila kuona aliyeiokoa posa yake, ruhusa mnayo. Lakini siku mkirudi Bujumbura, mkionyeshwa mzee mwenye kofia nyeusi, mkaambiwa huyu ndiye aliyemaliza mitungi ya wakwe, tafadhali msimcheke. Mumpe kiti, na mumwagizie soda.